Trekta Isiyosukumwa

Wanaume wa mtaa walikuwa wameshashika matairi, mabega tayari, papa Murhula alipotoka na fimbo yake akalipiga bati la trekta hadi kuku wakatawanyika.

"Hakuna kusukuma! Sitaki mutu akanyage-kanyage pale. Itatoka yenyewe, na moteri yake."

Wakaachia, wakaondoka wakicheka chinichini. Muzee amezeeka kweli, walisema.

Trekta hiyo ilikuwa imekaa kwenye hangari nyuma ya nyumba tangu vita vilipoingia Bukavu mara ya kwanza. Wakati huo Constance, mtoto pekee wa papa Murhula, alikuwa bado shule ya msingi. Sasa alikuwa mama wa watoto, mwenye ofisi yake kule Nguba, na daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba moyo wa baba yake umechoka. Kwa hiyo alipomuuliza baba yake anatamani nini, na muzee akajibu kwamba anataka trekta itoke kabla yeye mwenyewe hajatoka, hakubishana. Alimleta Pascal, fundi wa umeme wa magari.

Pascal aliizunguka trekta, akakwaruza kutu kwa ukucha, akapiga mluzi.

"Maman Constance, hii iko ya volti sita. Batri yake haiko tena, hata ku soko ya Kadutu hautaipata. Tuipandishe ku douze, volti kumi na mbili."

"Itatoka?" papa Murhula aliuliza.

"Itatoka, muzee."

"Polepole?"

"Polepole vile unapenda."

Kazi ikaanza. Pascal aling'oa dinamo ya zamani, akafunga mahali pake alternateri ya Toyota. Akageuza nyaya za batri, maana mafundi wa zamani walikuwa wamezifunga kinyume na magari ya leo. Akabadilisha bobine ya kuwashia cheche na balbu za taa, zisije zikaungua kwa nguvu mpya. Muda wote huo muzee alikaa kitini mlangoni mwa hangari, akitazama kila kifaa kinavyowekwa chini. Pascal alipochukua jembe asawazishe udongo apate kulala chini ya injini, muzee aliinuka akamnyang'anya.

"Lalia karatoni," alisema.

Constance hakupenda kuingia humo. Tangu utotoni hangari ile ilimtia baridi mgongoni. Kila jioni alikuwa akimsikia baba yake ndani, peke yake na chuma chake, akisimulia kwa sauti ya chini: mvua imenyesha, maharagwe yameota, Constance amefaulu mitihani. Kisha alikuwa akisema, "Lala muzuri," na kufunga mlango. Wenzake shuleni walimcheka kwamba baba yake ameoa trekta.

Yeye hakumlaumu. Mwanamume aliyeachwa na mke ana haki ya kushikilia kilichobaki.

"Mama yako alienda." Hilo ndilo jibu pekee alilowahi kupata kwa baba yake. Mengine aliyasikia kwa mashangazi: kwamba mama yake, Nsimire, alitumia fujo za vita kutoroka na mfanyabiashara, wakateremka mpaka Sange, na huko akaanza maisha mengine. Hasira hiyo Constance alikua nayo. Aliwahi kupanda basi hadi Sange, akapita sokoni akikagua nyuso za akina mama wauza mchele, matusi yakiwa tayari mdomoni. Hakumwona. Na binti yake alipozaliwa, mume wake akataka mtoto aitwe Nsimire, Constance alijibu kwamba jina hilo halitatajwa nyumbani mwake.

Asubuhi ambayo Pascal alisema kazi imekwisha, papa Murhula alivaa koti lake la misa. Padri Gérard alifika na maji ya baraka, nyuma yake wanaume wachache wa parokia wenye makoleo. Constance hakushangaa. Mjini watu hubariki magari yao, na njia ya kutokea ilijaa mashimo, ilihitaji kufukiwa. Akatoa simu apige picha.

Pascal akawasha. Injini ilizungushwa kwa nguvu ambayo haikuwahi kuijua, ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza. Akajaribu tena. Safari hii ilishika, ikanguruma, na taa zikamwaga mwanga mweupe kwenye ukuta wa nyumba mbele yake.

"Panda, papa!" Constance alipaza sauti.

"Hapana. Pascal aipeleke. Mbele tu, usikate kona!"

Trekta ikatambaa hadi juani. Constance alipiga makofi huku machozi yakimtoka, akageuka amkumbatie baba yake.

Baba yake hakuwa akiitazama trekta. Alikuwa amevua kofia. Padri Gérard naye alikuwa amevaa stola ya zambarau, ile ya misiba, na aliipita trekta bila kuitupia hata tone la maji. Aliingia ndani ya hangari. Wanaume wenye makoleo wakamfuata, wakasimama kandokando ya udongo mkavu, mweusi kwa oili, pale trekta ilipotoka.

"Papa, mbona wanaingia kule? Trekta iko huku."

Papa Murhula alimshika mkono.

"Wale wa bunduki walikuwa wanafukua kila kaburi mupya, wakitafuta mali," alisema. "Nikaweka trekta juu, wasimuguse. Njoo, Constance. Njoo umusalimie mama yako."