Shangazi wa Ukutani

Siku hizo mtoto akishatimiza miaka minne, mzazi hakuruhusiwa tena kumvisha, kumlisha wala kumsaidia mchezoni. Kila nyumba ilifungiwa kwenye ukuta wa uani mashine ya serikali iliyoitwa Shangazi, na mtoto ambaye Shangazi alimwona hajiwezi alipelekwa bweni la mbali, akafundishwe kujitegemea.

"Waliotunga sheria hii hawajazika mke," Mbwana alinung'unika. Tangu afiwe alibaki na Sikudhani peke yake, na leo ndiyo siku binti huyo anapimwa.

"Mtoto acheze," Shangazi akaamuru.

Sikudhani akajaza mchanga kwenye kifuu, akaanza kusonga ugali wake kwa kijiti. Kifuu kikapinduka, ugali ukamwagika wote. Akamgeukia baba yake, midomo ikimtetemeka. Mbwana akaikalia mikono yake isije ikamponza.

Mtoto akavuta kamasi. Akachimba kishimo, akakisimamisha kifuu humo, akasonga upya.

"Anajiweza. Atabaki nyumbani," Shangazi akasema.

"Alhamdulillahi!" Mbwana akashusha pumzi. "Njoo, mama, nikufute huo mchanga usoni."

Sikudhani akaruka nyuma. "Usiniguse, baba! Watanichukua!" Akajifuta mwenyewe, kisha akamletea kifuu mpaka kidevuni. "Wewe mkubwa, wewe unaruhusiwa kusaidiwa. Haya, aaa."

Mbwana, ambaye tangu msiba hakuna aliyemuuliza kama amekula, akafungua mdomo.