Nani Alifika Kwanza Kilimani

Kilima kimoja kilikuwa na wenyeji watatu, na kila mmoja alidai kuwa mwenyeji ni yeye peke yake. Kindi alilima karanga, Mhanga alichimba chumvi, Nungunungu alikata kuni. Kwa majivuno hayo hawakuuziana hata punje. Vyote walimpa Mbweha wa ng'ambo ya mto, naye kila siku ya gulio aliwarudishia karanga za kukaanga, bakuli moja kwa vikapu vitatu.

Kabla ya kupakia, Mbweha hakuacha kuuliza, "Hivi waheshimiwa, nani alifika kwanza kilimani hapa?" Wakibishana, yeye hujiondokea na mizigo.

Siku moja Mhanga alitafuna karanga, akalamba midomo. "Chumvi hii nimeichimba mimi."

Kindi akaonja. "Na karanga ni zangu."

Nungunungu akanusa. "Moshi huu ni wa kuni zangu. Jamani! Tunauziwa jasho letu, na sisi tumekaa kuhesabu mababu?"

Gulio lililofuata, Mbweha alikuta chungu kimeinjikwa juu ya mafiga matatu, kila mwenyeji kaleta figa lake. Akakohoa. "Hivi waheshimiwa, nani alifika kwanza…"

"Aliyewasha moto," alijibu Mhanga bila kugeuka.

"Basi nipeni karanga mbichi niende zangu."

"Mbichi haziuzwi tena," alisema Kindi. "Za kukaanga zipo. Bakuli moja kwa vikapu vitatu."

"Vikapu vya nini? Mimi sina hata shamba!"

Nungunungu akamsukumia shoka. "Kuni ziko bondeni, bwana. Kakate."