Kadi ya Watu Wawili

Kadi iliandikwa ya watu wawili, na Mramba hakuhitaji kujiuliza ampeleke nani. Duniani alikuwa na mtu mmoja tu wa kumpeleka popote.

Ilikuwa mwaka wa themanini na sita. Hoteli moja ya Malindi, ambayo Mramba aliiuzia madafu, iliandaa tamasha la kuonja wiski, na meneja akawakumbuka hata wale wanaoingilia mlango wa nyuma. Mramba alivaa koti lilelile la mazishi ya mdogo wake. Rafiki yake Kiponda alimngojea njia panda ya Ganda, amenyoa ndevu, hanchifu imechomoza mfukoni kama ya karani. Mramba alizoea kumtania kuhusu hanchifu hiyo, kuwa ni nyeupe kama pombe yake ya mnazi na haijapata kuingia doa.

Tangu yale mazishi ya mdogo wake, kijiji kizima kilikuwa kimemhama Mramba. Mwambire, huyo mdogo wake, alikunywa mnazi barazani kwa kaka yake jioni, na asubuhi hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Kijiji kilisema ni mkono wa Mramba. Desturi inamtaka mwenye kibuyu aonje kwanza, mgeni aone kwamba ndani hamna sumu, na Mramba alionja mbele ya kila aliyepita. Wote wakakumbuka kwamba wana safari. Mnazi wake akawa anauuza mjini kwa wasiomjua, na jioni akirudi hana wa kusema naye. Upweke ule ulimuuma sana. Kuna siku alijikuta akiwasimulia kuku habari za mjini, na wao pia wakaondoka.

Kiponda peke yake ndiye aliyeendelea kuja. Kila Ijumaa aliketi barazani, akapokea kata ya mnazi bila hata kumtaka Mramba aonje kwanza, akainua kichwa, akajipangusa kwa hanchifu na kusema maneno yaleyale: "Tamu, ndugu yangu. Niongeze." Mara ya kwanza kuyasikia, Mramba alisingizia kwenda kuchukua kibuyu kingine, akaingia ndani akalia.

Sasa maneno hayo yalikuwa na kazi kubwa. Tsuma, mwanawe, alitaka kuoa, na posa kwao haiendi mpaka mnazi wa baba wa kijana unywewe nyumbani kwa kina binti. Nyumba mbili zilikwisha kukirudisha kibuyu kikiwa kimejaa. Ya tatu ilikuwa ya mzee Garama wa Tezo, naye alikuwa muungwana. Alisema watu wake watakunywa, ila atangulie kunywa mtu anayekijua kibuyu hicho, tena aape kwamba amekunywa miaka yote na yu mzima. Siku iliyopangwa ni Jumapili. Tsuma alikwisha kusema kwamba kibuyu kikirudi safari hii, yeye atahama, na wasimtafute. Kiponda alikubali kwenda hata kabla Mramba hajamaliza kumwomba.

Hotelini meza zilitandikwa vitambaa vyeupe. Njoroge, wakala wa wiski kutoka Nairobi, alikuwa amefunga tai kwenye joto la kuyeyusha siagi. Aliwaeleza wageni wanuse kwanza, wazungushe mdomoni, na asiyetaka kulewa ateme ndani ya ndoo. Ndoo ilibaki kavu. Nani ateme kitu cha bure?

Njoroge alipita akiwamiminia mmoja mmoja. Kiponda alimeza ya kwanza, akameza ya pili, machozi yakamlengalenga, akacheka na kujilamba midomo. Hanchifu haikutoka mfukoni. Mgeni mmoja wa meza ya pili, mtu wasiyemjua, alikuja akagonganisha glasi yake na ya Mramba. Mramba akabaki ameishika hewani kwa muda, amesahau linalofuata ni kunywa.

Mwisho Njoroge aliacha chupa moja kila meza, akawataka wageni wamiminiane, kila mtu na mwenzake aliyekuja naye. Mramba aliishika chupa kwa mikono miwili. Akamimina zaidi ya walivyoonyeshwa, kisha akaivuta glasi ya Kiponda aionje kwanza, mazoea ni mazoea.

Kiponda akamzuia mkono. "Wacha hayo, ndugu yangu. Mimi na wewe hatuonjeshani."

Mramba akacheka. Akamuuliza kwa upole, "Na Jumapili utawaambia hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Nitaapa kwa kaburi la mama yangu."

Mramba alihisi kitu kizito kikimtoka mabegani. Alimwona Tsuma tayari na mkewe, na baraza lake limejaa watu wanaopokezana kata, kelele mpaka jirani wanung'unike. Kiponda akaipokea glasi, akainua kichwa, akaimaliza kwa mara moja. Halafu akachomoa hanchifu, akajipangusa taratibu, kama afanyavyo kila Ijumaa.

"Tamu, ndugu yangu," akasema. "Niongeze."

Akaiweka hanchifu mezani ili aisogeze glasi vizuri. Mramba, bado anatabasamu, akaiinua chupa, na macho yake yakatua mezani.

Hanchifu ilikuwa imelowa hadi pindoni, imegeuka rangi ya chai isiyo na maziwa, na wiski ilikuwa ikienea polepole kwenye kitambaa cha meza.