Swali Lililokataa Kushuka

Swali lilikuwa bado pale juu, na wageni walikuwa wameshapita Rongo, njiani kuja Migori.

Bathsheba alilisoma mara ya saba, uji ukipoa kando ya kibodi. "Habari zenu wandugu. Niko na Unix ile ya kununua, ya kitambo. Kuna programu imekwama na inamaliza memori yote. Nitaiua aje? Watu wengi wanategemea hii mashine. Ni mimi Mirumbe, Kehancha."

Unix ya kununua! Katika Baraza la Programu Huria la Migori! Ni kama mtu aingie kanisani siku ya Sabato aulize bei ya nguruwe.

Bathsheba alikuwa mwenyekiti wa baraza hilo la mtandaoni tangu Cliff, mwanzilishi wake, alipohamia Nairobi. Dukani kwake, nyuma ya stendi, alitengeneza kompyuta za watu huku akiwahubiria. Programu huria, aliwaambia, ni ile ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuifungua, kuisoma, kuirekebisha na kumgawia jirani. Unix ya kununuliwa, mfumo wa kuendeshea kompyuta kubwa, imefungwa, na ufunguo anao mwenye kampuni. Yeye hakuwahi kuigusa maishani, na alijivunia hilo kama wengine wanavyojivunia kutoonja pombe.

Na leo ndiyo ilikuwa siku yake. Wakuu wa shule kumi na mbili za Homa Bay walikuwa njiani kuja kuliona baraza kwa macho yao. Wakiridhika, kompyuta za shule zao zote zingehamia mifumo huria. Miaka tisa ya maswali na majibu ndiyo ilikuwa hoja yake pekee. Bila baraza hakuwa na la kuwaonyesha ila mandazi.

Kulifuta swali hakuweza. Kanuni aliiandika mwenyewe: neno la mtu halifutwi, na swali lisilojibiwa hukaa juu kabisa hadi lijibiwe. Wakuu wa shule wangefungua ukurasa, na cha kwanza kuwakodolea macho kingekuwa hicho kinyaa cha Mirumbe.

Okari, naibu wake aliyekuwa Kendu Bay, alikuwa ameshajibu kwa mtindo wake. "Ndugu, mwenye alikuuzia ng'ombe ndiye umuulize kwa nini hakamuliki."

"Sikuuziwa," Mirumbe aliandika. "Nilipewa bure, stoo moja ya tumbaku walikuwa wanaitupa. Kampuni yenye ilitengeneza ilifungwa kitambo. Nitauliza nani kama si nyinyi?"

Bathsheba aliona ni heri aingie mwenyewe. "Ndugu Mirumbe, bure si huria. Hapa hatujadili mashine za utumwa. Izime, uweke mfumo huria."

"Madam, siwezi izima. Niko na watu ndani."

"Basi waambie hao watu wako ukweli, kwamba wanalala katika nyumba iliyofungwa kutoka nje."

"Aki Madam, wacha tu. Wakijua watanichinja."

Kila ujumbe ulichukua dakika nzima kufunguka. Bathsheba aliulaani mtandao wa Migori, akahamisha simu yake, iliyokuwa ikiipa kompyuta mtandao, hadi dirishani, akarudi kukaa. Saa nne kasoro, Mwalimu Nyatichi, kiongozi wa msafara, akampigia.

"Mama, tumevuka daraja. Andaa chai."

Miaka tisa Bathsheba hakuwahi kulegeza kanuni hata siku moja, lakini jibu moja tu, mstari mmoja, lingelishusha lile swali chini ambako hakuna mtu angeliona. Mungu angemsamehe, na Okari angenyamazishwa kwa soda. Akaandika upesi: "Andika killall, halafu jina la hiyo programu. Itakufa hiyo peke yake." Akaweka alama ya kwamba swali limejibiwa.

Swali likashuka. Bathsheba akashusha pumzi.

Likapanda tena.

"Asante sana Madam. Lakini kuna mahali nilisikia kwa hizi Unix za kununua hiyo amri haichagui, inaua kila kitu. Uko na uhakika?"

Nje, milango ya gari ilikuwa ikifunguliwa. Bathsheba alisikia sauti za walimu wakisifu bango lake. Ukweli ni kwamba hakujua. Angejuaje, naye hajawahi kuikaribia hiyo mashine? Lakini mwenyekiti kuandika "sijui" mbele ya wakuu wa shule kumi na wawili, na kuhusu Unix ya kununua! Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Nina uhakika," akaandika. "Amri ni ile ile. Bonyeza."

Hodi ikapigwa. Akawakaribisha, akawapa viti, akawamiminia chai, kisha akaigeuza skrini iwaelekee. "Walimu wangu, hili hapa ndilo baraza letu. Miaka tisa, na hakuna kilichofungwa."

Akafungua ukurasa. Ukawa mweupe. Akafungua tena. Mweupe, na maandishi madogo katikati kwamba seva haipatikani.

"Mtandao wa hapa, walimu, mnaujua," akacheka.

"Wangu uko sawa," alisema Mwalimu Nyatichi, akiinua simu yake. "Magazeti yote yanafunguka. Ni hilo baraza lako tu ambalo halipo."

Simu ya Bathsheba ikalia dirishani. Ilikuwa meseji, namba asiyoijua.

"Madam, ni Mirumbe. Hii namba yako aliniachia Cliff, siku ile aliniomba niwawekee baraza lenu kwa hii mashine yangu. Imeua zote, na imekataa kuwaka. Sasa hilo swali nitauliza wapi?"