Namba Tasa ya Mwanahawa

Mjini kwetu kila mtoto hupewa namba ndefu anapozaliwa, na watu wawili huruhusiwa kuoana iwapo tu kuna namba, mbali na moja, inayozigawa namba zao bila baki. Namba ya Mwanahawa Singano, mshonaji wa magodoro, ilikuwa tasa: haikugawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Ya Mhando, mpenzi wake, pia. Ofisi ya ndoa haikujishughulisha na watu wa namba tasa, basi wawili hao walikaa pamoja miaka kumi na moja bila cheti, wakila vizuri na kucheka sana.

Kisha mashine mpya ikarudia hesabu, ikampatia Mwanahawa kigawo, na ofisi, ambayo humwoza kila mwenye kigawo, ikampa na mume.

Mume huyo, Bwana Kihiyo, mgane wa makamo, alikuja Jumamosi asubuhi na sanduku dogo. Alimkuta Mhando akikuna nazi, akaelewa.

“Msiwe na wasiwasi,” alisema. “Nitakuja siku ofisi ya ndoa inapokagua tu. Mkaguzi akiondoka, nami naondoka.”

Ikawa hivyo. Kila mwezi mkaguzi aliwakuta mke na mume, na Mhando akijitambulisha kuwa shemeji. Baadaye Kihiyo alibaki kula, maana Mhando alijua kupika, na nyumba ikazidi kuchangamka.

Mwezi uliopita, mkaguzi akiwa keshaondoka, Kihiyo alisogeza sahani yake.

“Mke wangu, niongezee mchuzi.”

Mhando alimtazama Mwanahawa. Mwanahawa alichukua upawa, akampakulia.