Wageni wa Mayu Nyanjige

"Yupo," Mayu Nyanjige alisema bila hata kupepesa macho. "Mkeo yupo, na mtoto yupo. Karibu, baba."

Chini ya kitanda, Matilda alimziba mwanawe Esteria mdomo kwa mkono wake mmoja mzima. Wa pili ulikuwa bado umefungwa plasta. Kikulacho ki nguoni mwako! Bibi aliyewapokea kwa maziwa ya moto, aliyemsukuma Esteria kwenye bembea, sasa anawauza asubuhi kweupe.

Nyumba ile ya mawe ilijengwa na bwana pamba Mwingereza juu ya vilima vya Ngasamo, na sasa Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, alikuwa ameifanya ya wageni. Wenye watoto waliifuata kwa hewa na utulivu. Matilda hakufuata hewa. Alikuwa akimkimbia mumewe Salvatory, mchuuzi wa dagaa wa Lamadi, aliyempiga kwa mwiko, kwa mkanda, na mwisho kwa mpini wa jembe, huku majirani wakiongeza sauti ya redio.

Jana jioni ndama wa jirani alipotea. Mwano ukapigwa, ule ukelele wa kuitana kwenye hatari, na kabla uji haujapoa vilima vilijaa wanaume wenye marungu.

"Mimi nimepiga kelele miaka yote ya ndoa," Matilda alisema kwa uchungu. "Hakutoka hata mmoja."

"Mke wa mtu si ng'ombe, mwanangu," Mayu alijibu, akaendelea kukoroga uji.

Jibu hilo lilimnyima Matilda usingizi. Sasa alijua bibi yuko upande gani.

Nje, Salvatory aliipiga teke bembea. "Mtoe kabla sijaingia mwenyewe! Leo namchinja!" Mbwa wa nyumba alimrukia akibweka. Panga likashuka mara moja, kisha tena. Mbwa akanyamaza. Esteria akajikojolea, na Matilda akamkumbatia tu, maana hakuwa na la kufanya.

"Taratibu, baba," Mayu alisema, kamba ya ng'ombe wake mkononi. "Ya mke na mume mimi siyaingilii. Vyumba vina makufuli na funguo ninazo mimi, nitamleta mwenyewe. Ila ng'ombe huyu nilikuwa nampeleka malishoni, nikimwacha ataingia kwenye mtama wa watu. Nishikie kamba. Msogeze pale njiani, nje ya uzio."

Salvatory alisita. Lakini mama mzee akikuomba umshikie ng'ombe, unakataaje? Panga likabaki mkono wa kulia likichuruzika damu, kamba akaishika kwa kushoto.

"Fanya haraka, mayu."

Matilda alizisikia kwato zikitoka uani. Kisha zikaja ndala za bibi, zikiburuzika sakafuni polepole, hadi mlangoni pake. Zikasimama. Akafumba macho, akamlalia mtoto ili panga lianze na yeye.

Ndala zikapita. Zikatokea mlango wa nyuma, zikapanda jiwe kubwa lililo juu ya nyumba.

Ndipo mwano ukapasua vilima, na sauti ya Mayu Nyanjige ikafika hadi bondeni:

"Jamani, ng'ombe wangu! Anamswaga! Ana panga!"