Kumwachisha Kisima

Kisima alimsukuma Mama Mkali kwa kichwa hadi akakalia ndoo. Alikuwa anadai chupa ya maziwa.

"Miaka mitatu na nusu, huoni haya?" Mama Mkali alijinyanyua, akakung'uta koti. "Meno unayo, mkonga unao, majani yale pale. Unataka nani akutafunie?"

Akampa mgongo. Ndivyo walivyofanya kazi katika kituo kile cha kulea tembo yatima: aliyezidi umri akidai maziwa, mlezi anageuka na kuondoka, haangalii nyuma mpaka asikie tawi linavunjwa. Walezi wengine walishindwa. Kisima alivutwa kutoka kisimani akiwa na wiki mbili, mama yake amekufa, na kilio chake kilikuwa kinakufika mpaka tumboni. Mama Mkali alikwenda zake kama kiziwi. Tawi likavunjika.

Jumamosi wageni walipokuja, aliwapa akina mama somo bila kuombwa.

"Huyo ana miaka mitano na bado umembeba? Miguu yake ni pambo?"

Akina mama walishusha watoto chini, wamenywea.

Ikifika saa sita, huyo, mbio nyumbani. Mwanawe hali chakula bila yeye. Samaki lazima atolewe miiba, chai ipoozwe kwa kumiminwa kutoka kikombe hiki hadi kile, maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko. Baba mtu alishafariki, wamebaki wawili tu.

Siku moja daktari wa wanyama akamwita.

"Kundi la porini linakaribia kambi yetu ya msituni. Hupita mara moja kwa mwaka. Nenda na Kisima siku saba, kila siku ujitenge naye kidogo. Wakimpokea, ameokoka."

"Nikirudi kabla?"

"Usithubutu. Ukimpotea ghafla atatoka kutafuta watu. Tembo anayefuata watu hatumwachii tena. Ni zizi mpaka kufa."

"Siku saba! Na wangu je?"

"Si una mdogo wako?"

Mdogo wake akaja na kikapu chake, akapewa maagizo ya ukurasa mzima. Taa ya chumbani isizimwe. Uji usiwe na madonge. Mkate ukatwe kingo.

"Dada, mimi nimelea sita."

"Wako ni wagumu. Wangu mlaini."

"Kwa jinsi unavyomtokosa kila siku, ataachaje kulainika?"

Msituni, Kisima alilia siku tatu, na siku tatu Mama Mkali alimpa mgongo. Siku ya tano jike kubwa la kundi lilimnusa kuanzia kichwani mpaka mkiani, likamsukuma katikati ya wenzake. Siku ya sita alikuwa anakula nao, anavunja matawi kama mwenye shamba. Mama Mkali, mbali huko juu ya kilima, alitokwa na machozi, akayafuta haraka kama mwizi.

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake.

"Usishtuke, dada. Hajala tangu jana."

"Ana homa?"

"Homa ya wapi! Amenuna. Chakula nimemwekea, anakutaka wewe. Mwache tu, njaa itamnyoosha. Si imebaki kesho?"

"Una roho gani wewe?" Mkoba alikuwa ameshaushika.

Daktari, aliyekuwa amewafuata kambini, alisimama mbele ya gari, mikono juu. "Mama, siku moja tu! Moja!"

"Hujazaa wewe. Huwezi kujua."

Gari liliposhuka kilima, Kisima akasikia mlio wake. Akaliacha kundi, akaja barabarani mbio, masikio wazi, analia. Jike lile lilimwita mara mbili. Mama Mkali aliyaona yote kwenye kioo cha pembeni, akamwambia dereva aongeze mwendo.

Kabla hajafika nyumbani, daktari akapiga simu.

"Amefika mpaka madukani, anamnusa kila mtu. Tunampakia kwenye lori. Ni zizi, mama. Maisha yake yote."

Mama Mkali alilia, lakini hakusema wageuze gari. "Mungu atanisamehe," alimwambia dereva. "Damu yangu kwanza."

Aliingia nyumbani na matope miguuni. Mwanawe alikuwa ameketi mezani, mikono mapajani, mbele yake sahani iliyofunikwa.

"Mama," alisema, akijikuna upara, "eti mama mdogo anataka nifunue mwenyewe."

Mama Mkali akanawa mikono, akavuta kiti, akamfunulia, akapuliza kijiko cha kwanza, na kwa kidole akamfuta mchuzi kwenye ndevu, zile zilizoanza kuota mvi.